Koneksheni za databesi zalala tu, hazifi: mfumo wajaa kila saa nne asubuhi ilhali watumiaji ni wachache

#1 MkaaBandarini
Salaam wadau. Nina mfumo wa ofisi ya kupitisha mizigo hapa Mombasa. Wateja huingia kutazama kontena limefika wapi, ushuru umelipwa au la, lori limetoka getini au bado. Ni PHP na MySQL 8 (programu ya databesi), seva mbili za wavuti, moja ya vibarua wa foleni (programu za kazi za nyuma) na moja ya databesi, zote tumekodi Ulaya.

Siku za kazi, ikifika mwendo wa saa nne asubuhi, ukurasa wazunguka weee, kisha watema kosa nambari 1040, "Too many connections". Nikipiga SHOW PROCESSLIST (orodha ya koneksheni zote, yaani miunganisho ya programu na databesi) naona mistari zaidi ya 140, na karibu yote imeandikwa Sleep, yaani imelala. Zinazofanya kazi kweli ni tano, sita. Wateja walio ndani wakati huo hawafiki 30. Tukizima databesi na kuiwasha, kunatulia. Kesho yake ngoma ni ile ile.

Nataka kujua nani anazishika koneksheni hizi na mbona haziachi. Madereva wako getini wangoja karatasi, simu hazinyamazi.

#2 FundiWaTudor
Kaka, hilo dogo. MySQL ikija haijaguswa, max_connections, yaani kikomo cha koneksheni, ni 151. Weka 1000, uwashe upya, ukanywe chai. Halafu wait_timeout, muda wa koneksheni kulala kabla ya kukatwa, ni dakika 8 tu, kwa hivyo zinazolala zitakufa zenyewe.

#3 Bi_Kizingo
Fundi, mambo mawili hapo. Kwanza, wait_timeout ya MySQL ikiwa haijabadilishwa ni sekunde 28800. Hizo ni saa 8, si dakika 8. Koneksheni iliyoachwa saa mbili asubuhi ina haki ya kulala mpaka saa kumi jioni bila kuguswa na mtu. Kwa ofisi ya mizigo hiyo ni siku nzima ya kazi.

Pili, kupandisha kikomo kabla ya kujua nani anajaza kutamuumiza MkaaBandarini. Kila koneksheni yala kumbukumbu ya seva, na kweri (maombi kwa databesi) zikianza kupanga na kuunganisha meza, kila moja yaweza kudai sehemu yake zaidi. Leo zinalala 140, kesho zitalala 900, na siku zitakapoamka pamoja seva yote itaanguka badala ya kutoa kosa la heshima.

MkaaBandarini, kabla ya kuzima chochote, tuletee safu tatu za PROCESSLIST: User (jina la kuingilia), Host (inakotoka) na Time (sekunde ilizokaa katika hali hiyo). Hasa Time. Sleep peke yake haisemi kwamba koneksheni imetelekezwa. Yasema tu kwamba MySQL imemaliza ilichoulizwa na yangoja programu iulize tena. Ukiona Time inapanda hadi sekunde 3, yarudi 0, yapanda tena, hiyo yatumika. Ukiona 9000, hapo pana mtu kaondoka.

#4 KijanaWaMshomoroni
Samahanini wakubwa, mimi bado niko chuoni. Kama kazi imeisha, kwa nini programu isikate tu koneksheni? Kuna faida gani kuiacha wazi?

#5 Bi_Kizingo
Swali zuri, mwanangu. Kufungua koneksheni kuna gharama: pande mbili zapeana mikono kwanza, kisha usimbaji fiche, kisha nywila yakaguliwa. Ndipo kweri ya kwanza ipite. Kwa hivyo programu nyingi huziweka wazi ili zitumike tena.

Mtazame muuza kahawa wa Mji wa Kale. Dele lake limejaa, lakini vikombe ni vile alivyo navyo. Mteja akimaliza kahawa akabaki na kikombe mkononi akipiga soga, ajaye nyuma hunyimwa kahawa na dele bado zito. Seva ya MkaaBandarini haikosi nguvu, yakosa vikombe. Na vikombe viko mikononi mwa watu waliokwisha kunywa.

#6 ShariffMtandao
Bi Kizingo, saa hizi za usiku watutajia kahawa bila kashata? Huo si uungwana.

Nafuatilia uzi huu kwa makini. Sisi pia yametufika.

#7 SeremalaWaMsimbo
Mimi sihitaji kuona Time. Kama ni PHP, tafuta PDO::ATTR_PERSISTENT (koneksheni ya kudumu, isiyofungwa ombi likiisha) katika faili ya mipangilio. Au kama mwatumia mysqli (njia nyingine ya PHP kufikia MySQL), tazama kama jina la seva limetanguliwa na "p:". Nitashangaa nikikosea.

Koneksheni ya kudumu katika PHP haikai mahali pamoja ikagawiwa. Kila mtoto wa PHP-FPM (programu inayoendesha PHP; mtoto ni mchakato wake mmoja, huhudumia ombi moja kwa wakati) hushika yake. Kama pm.max_children, kikomo cha watoto, ni 60 na seva ni mbili, tayari ni 120. Ongeza vibarua wa foleni na kazi za cron (zinazojianzisha kwa ratiba), 151 hiyo umeifika, hata kama wateja waliomo ni 10. Idadi ya koneksheni haifuati idadi ya watu, yafuata idadi ya watoto wa FPM waliowahi kugusa databesi. Na kama mfumo waingia kwa majina mawili tofauti, mathalani moja la kusoma na moja la kuandika, kila mtoto ataweza kushika mbili.

#8 Mtwapa_Java
Seremala yuko sawa kwa PHP, lakini asiifanye dawa ya kila homa. Nakuja na kisa changu.

Kuna hoteli moja upande wa kusini (siitaji) iliyokuwa na mfumo wa kuhifadhi vyumba wa Java. Puli ya koneksheni (akiba ya koneksheni zilizo wazi, programu huazima na kurudisha) ilikuwa HikariCP, nafasi 10, ndicho kiwango chake usipoigusa. Asubuhi mambo mswano, ikifika adhuhuri kila ombi langoja sekunde 30 kisha lafeli. Upande wa databesi ni koneksheni 10 tu zilizolala, hakuna anayelalamika kuhusu kikomo. Puli ndiyo iliyokauka.

Sababu ilikuwa njia moja ya msimbo: mgeni akiweka tarehe mbovu, programu yarusha kosa, na mstari wa kurudisha koneksheni ulikuwa chini ya hapo, haufikiwi. Kila tarehe mbovu yameza koneksheni moja. Tiba ni try-with-resources, iliyokuja na Java 7 mwaka 2011, ambayo hufunga hata kosa likitokea. Na kuipata tuliwasha leakDetectionThreshold. Imezimwa kwa kawaida. Ukiiwasha, HikariCP yaandika kwenye logi ni mstari gani uliochukua koneksheni ukakaa nayo mno.

Kwa hivyo MkaaBandarini, tazama makosa ya programu yako pia. Uvujaji hupenda kujificha katika njia ya makosa, kule ambako hakuna anayejaribu.

#9 SeremalaWaMsimbo
Mtwapa, PHP si Java. Ombi la PHP likiisha, hata kwa kosa, koneksheni isiyo ya kudumu hufungwa yenyewe. Hakuna cha kuvuja.

#10 FundiWaTudor
Hapo nakupinga. Mimi nilifunzwa kwamba kila ukurasa wa PHP lazima ufunge koneksheni mwishoni, la sivyo yabaki. Nimeona miradi mingi hivyo.

#11 SeremalaWaMsimbo
Umeona mazoea, Fundi. Mwongozo wa PHP wenyewe wasema hivyo: hati ikimalizika, koneksheni yafungwa. Kufunga mapema kwafaa pale hati inapoendelea kufanya jambo refu baada ya kumaliza na databesi. Mathalani umeshasoma data, sasa watengeneza PDF ya kurasa 200 au watuma barua pepe. Muda wote huo databesi yakuhesabu, na kwenye orodha waonekana Sleep.

#12 KongoweaDev
Seremala amepita juu ya jambo kubwa hapo mwisho. Neno ni "jambo refu". MkaaBandarini, mfumo wako hauiti huduma ya nje? Ratiba ya meli, malipo kwa simu, ujumbe mfupi? Kama programu yafungua muamala (kundi la hatua za databesi zinazokubaliwa zote au kukataliwa zote), yafungia mstari wa mteja mwingine asiuguse, kisha yaomba malipo kwa simu na kungoja mteja atie namba yake ya siri, basi koneksheni imeshikwa kwa kasi ya kidole cha mteja. Naye yuko kwenye feri ya Likoni, simu mfukoni.

Kwenye mfumo wa karo niliousaidia ndivyo ilivyokuwa, ila ni PostgreSQL (databesi ya aina nyingine). Kule hali yake haiitwi Sleep, yaitwa "idle in transaction", na ina madhara zaidi. Muamala ukikaa wazi, VACUUM (msafishaji wa PostgreSQL) haiwezi kusafisha mistari iliyokufa ambayo muamala huo bado una haki ya kuiona. Meza zavimba, kweri zapungua kasi, watu wabonyeza tena, miamala yazidi. Tulihamisha ombi la malipo nje ya muamala: andika kwamba ombi limetumwa, funga, kisha jibu likija fungua muamala mwingine. Halafu tukaweka idle_in_transaction_session_timeout kama mlinzi.

#13 Chaani_Ops
Na hiyo mipangilio ya PostgreSQL haiko katika kila toleo. Ya muamala uliolala iliingia na 9.6, mwaka 2016. Ya koneksheni iliyolala bila muamala, idle_session_timeout, iliingia na 14 mwaka 2021. Zote mbili zimezimwa mpaka uziwashe. Hiyo ya pili uiogope kama kuna puli katikati, kwa sababu utaikatia puli koneksheni inazoamini ziko hai.

#14 NahodhaWaNyali
Wote mwaangalia programu, hakuna anayeangalia njia. Ofisi iko Mombasa, databesi iko Ulaya. Kati yao pana ruta ya ofisi, faiwoli, na bahari nzima. Koneksheni iliyokaa kimya yaweza kusahauliwa na kifaa cha katikati bila upande wowote kuambiwa. NAT ya Amazon (kipitishio cha mtandao katika seva zake za kukodi), mathalani, huisahau baada ya sekunde 350 za ukimya. Ofisi yafungua koneksheni mpya, ile ya zamani databesi yadhani bado ina mwenyewe.

Linux (mfumo endeshi wa seva) haiulizi "bado upo?" mpaka zipite sekunde 7200, ndizo saa 2. Ikiuliza, yauliza mara 9, kila moja kwa mwanya wa sekunde 75. Kwa hivyo koneksheni iliyokufa bila kuaga yaweza kukaa kwenye orodha kwa zaidi ya saa 2 na dakika 11. Stima ikipotea ofisini, kompyuta haipati nafasi ya kuaga. Na stima ya huku mwaijua.

#15 ShariffMtandao
Nahodha amefika na bahari yake! Nilikuwa nahesabu ni posti ya ngapi utaileta.

Lakini kweli, Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini EASSy na SEACOM zilipokatika, mifumo yetu yote yenye databesi ng'ambo iliyumba. Tulikuwa na koneksheni mfu kwa mamia.

#16 SeremalaWaMsimbo
Lakini MkaaBandarini amesema seva za wavuti na databesi zote ziko Ulaya. Ofisi hufika kwa kivinjari. Waya wa baharini hauguswi na koneksheni za databesi hata kidogo. Nahodha, nanga hiyo imekosa mwamba.

#17 NahodhaWaNyali
Yeye ndiye atakayesema. Sijawahi kuona ofisi ya mizigo isiyo na kompyuta moja ya uhasibu inayoivuta databesi moja kwa moja.

#18 ZanziSeva
Wa Unguja hapa, napita. Kwani hamna kituo cha data huko kwenu mpaka mwende Ulaya? Nyaya zote zatua Mombasa, SEACOM, TEAMS na EASSy, zote 2009, nanyi mwaweka databesi kwa Wazungu.

#19 Chaani_Ops
EASSy ilianza kazi 2010. SEACOM na TEAMS ndizo za 2009. LION2 ikafuata 2012. Vituo vya data vipo Mombasa na Nairobi, bei tu ndiyo yawatuma watu mbali, na mazoea. Turudi kwenye mada kabla uzi haujawa wa nyaya.

#20 MkaaBandarini
Shukran nyote. Nimesubiri saa nne ya leo nikaikamata ikiwa karibu kujaa. Haya ndiyo niliyoyaona nilipopanga kwa Host:

Seva ya wavuti ya kwanza, 61. Ya pili, 54. Seva ya vibarua wa foleni, 14. Na kuna anwani moja iliyonishangaza, 17, nayo ni ya ofisini kwetu. Nimeuliza: kweli kuna kompyuta ya mhasibu yenye faili ya Excel inayojivutia ripoti, na vijana wawili wana programu za kutazama databesi kwenye vipakatalishi vyao.

Time za seva za wavuti nyingi ziko kati ya sekunde 600 na 5000. Za ofisini kuna zilizopita 6000. Na Seremala, ATTR_PERSISTENT ipo, imewekwa true. Waliojenga mfumo ndio walioiacha hivyo.

Jingine: nimeshusha wait_timeout hadi 300 kwa SET GLOBAL, lakini nikiingia mwenyewe na kutazama, bado naona 28800. Haishiki?

#21 SeremalaWaMsimbo
Niliwaambia. Zima persistent, mambo yatakwisha.

#22 NahodhaWaNyali
Nami niliwaambia. Koneksheni 17 kutoka ofisini, Time zaidi ya 6000. Hizo zakaribia zile sekunde 7200 nilizotaja.

#23 Bi_Kizingo
Tulieni kidogo, kila mmoja ana kipande.

MkaaBandarini, kwanza hiyo wait_timeout. Imeshika, lakini watazama mahali pasipo. Ukiingia kwa mkono kwenye mysql, wewe ni kikao cha maongezi, na kikao hicho hurithi interactive_timeout, ambayo nayo ni 28800. Tumia SHOW GLOBAL VARIABLES utaona 300 yako. Pia SET GLOBAL haizigusi koneksheni zilizokwisha kufunguka, ni zijazo tu. Na iandike kwenye faili ya mipangilio au tumia SET PERSIST, la sivyo itapotea databesi ikiwashwa upya.

Ila 300 na koneksheni za kudumu za PHP zagombana. Mtoto wa FPM aliyekaa kimya dakika 6 ataiokota koneksheni iliyokwisha kukatwa, na mteja aweza kuona "MySQL server has gone away". Chagua moja: ama uondoe kudumu, ama uache muda uwe mrefu kuliko ukimya wa kawaida.

Seremala, kudumu kwaeleza kwa nini zipo nyingi. Hakuelezi kwa nini saa nne. Ofisi yafunguliwa saa mbili.

#24 Chaani_Ops
Saa nne yaelezeka kwa FPM yenyewe. Kama pm, yaani namna FPM inavyoongeza watoto, ni dynamic, watoto huzaliwa kazi ikizidi. Saa mbili wako wachache, kila wimbi la wateja lawaongeza, na kila mtoto akizaliwa akagusa databesi, koneksheni moja zaidi. Waliozidi max_spare_servers (kikomo cha watoto wasio na kazi) huuawa wakikaa bure, na wakifa koneksheni zao zafungwa. Lakini kama max_spare_servers imewekwa juu sana, hakuna anayekufa. Kilele kinafika saa nne kwa sababu ndipo watoto wamefikia kikomo. MkaaBandarini, pm yako ni dynamic au static? Na pm.max_requests (maombi ambayo mtoto hufanya kabla ya kufa) ni ngapi? Kama ni 0, mtoto hafi kwa hesabu ya maombi, aishi mpaka auawe.

#25 KongoweaDev
Mimi bado nasema saa nne kuna kitu kinachoitwa nje. Watoto wa FPM huzaliwa kazi ikizidi, sawa, lakini watu 30 hawatoshi kuwafikisha watoto 60 isipokuwa kila ombi linakawia. Nini kinalikawiza? Hapo ndipo pa kuchimba. MkaaBandarini, tazama sys.processlist badala ya ile ya kawaida. Ina safu ya last_statement, yaani kweri ya mwisho iliyopita kabla koneksheni haijalala. Hiyo itakutajia ukurasa.

#26 Mtwapa_Java
Na ukitaka kujua ni mchakato gani hasa upande wa wavuti: Host kwenye orodha ina anwani na namba ya mlango. Chukua namba hiyo, nenda kwenye seva ya wavuti, piga ss -tnp na uitafute. Utaona jina la mchakato na namba yake. Ukiona hali ni CLOSE-WAIT, basi upande wa databesi umeshafunga, programu yako ndiyo haijafunga. Kama hakuna kabisa mchakato wenye mlango huo, Nahodha amepata: koneksheni ni mzimu.

#27 KijanaWaMshomoroni
Najifunza zaidi ya muhula mzima hapa. Swali: mimi nafanya mradi wa Django (fremu ya Python ya kujengea mifumo ya wavuti). Yanihusu?

#28 KongoweaDev
Yakuhusu. CONN_MAX_AGE ya Django kwa kawaida ni 0, yaani koneksheni yafungwa ombi likiisha, kwa hivyo mwanzoni uko salama. Hatari ni kazi za pembeni. Django hufunga koneksheni kwa ishara ya ombi kuanza na kuisha. Ukianzisha nyuzi (kazi zinazokwenda sambamba) zako mwenyewe ndani ya programu, hakuna ombi, hakuna ishara, na kila uzi hukaa na koneksheni yake. Ifunge mwenyewe mwisho wa kazi. Na ukianza kuongeza CONN_MAX_AGE, washa na CONN_HEALTH_CHECKS, inayokagua kama koneksheni ingali hai, ipo tangu 4.1.

#29 FundiWaTudor
Mimi bado naona kumwambia mtu achimbe wiki nzima huku madereva wako getini si haki. Mpandisheni kikomo hadi 250 apumue, halafu achimbe. Bi Kizingo, hilo nalo kosa?

#30 Bi_Kizingo
250 si 1000, Fundi. Kama kumbukumbu ya seva yaruhusu, na akijua ni subira si tiba, sina neno. Hata hivyo MkaaBandarini, hakikisha programu haiingii kwa root (jina la msimamizi mkuu). MySQL huacha nafasi moja ya ziada juu ya kikomo kwa ajili ya msimamizi, ili aweze kuingia na kuokoa. Programu ikitumia root, nafasi hiyo nayo yaliwa, na wewe wabaki nje ya nyumba yako. Na kila kundi lipe jina lake la kuingilia, wavuti lake, vibarua lao, mhasibu lake, kisha uwekee kila jina kikomo kwa MAX_USER_CONNECTIONS. Mhasibu akijaza, ajaze kwake.

#31 ZanziSeva
Hiyo ya kikomo kwa kila jina ndiyo nzuri kuliko zote hapa. Naichukua.

#32 MkaaBandarini
Nimerudi. Nimefanya haya: persistent nimeizima, majina nimeyatenganisha, mhasibu ana kikomo cha 5, programu za vijana zapita jina lao lenye kikomo cha 4. FPM ilikuwa dynamic, max_children 60, max_spare_servers 50, max_requests 0. Chaani, ulipiga palepale. Nimeshusha spare hadi 15.

Saa nne ya leo haikujaa. Lakini haikutulia pia. Zilipanda hadi 90 na kitu, zikakaa kama dakika 20, zikashuka. Time zake safari hii ni fupi, sekunde 20, 40, nyingine 70. last_statement kwenye nyingi ni UPDATE (kweri ya kubadilisha data) ile ile ya meza ya hali ya kontena. Na kuna kazi ya cron ya saa nne kasoro inayoleta taarifa za meli kutoka huduma ya nje. Hakuna aliyenitajia kabla.

#33 KongoweaDev
Haya! UPDATE, kisha usingizi wa sekunde 70, tena saa nne. Huo ni muamala ulio wazi ukingoja jibu la nje. Tazama information_schema.innodb_trx (orodha ya miamala iliyo wazi) wakati huo: trx_started itakuambia muamala umeanza lini, na trx_mysql_thread_id itakupa namba ya koneksheni uilinganishe na orodha.

#34 Chaani_Ops
Au wala si muamala. Yaweza kuwa cron yaandika kontena moja moja, na baada ya kila moja programu yatuma ujumbe mfupi kwa mteja, koneksheni ikiwa wazi bila muamala. Sura ni ile ile kwenye orodha. Ila cron ni mchakato mmoja, KongoweaDev. Nyingine 80 ni za nani?

#35 KongoweaDev
Za wateja waliopata ujumbe huo mfupi na kufungua mfumo kwa pamoja.

#36 Chaani_Ops
Wateja wanaofungua mfumo wasoma tu, hawaandiki UPDATE.

#37 SeremalaWaMsimbo
Isipokuwa ukurasa waandika "imetazamwa saa ngapi" kila unapofunguliwa. Nimeona mifumo mingi ya mizigo yafanya hivyo, wateja hupenda kudai kwamba hawakuarifiwa. MkaaBandarini, angalia kama UPDATE hiyo yagusa safu ya tarehe ya kutazamwa au safu ya hali yenyewe.

#38 NahodhaWaNyali
Na zile za ofisini? Zimebaki ngapi, na Time zake zafika wapi sasa?

#39 MkaaBandarini
Za ofisini zimebaki 5, zote za mhasibu, na mbili zimepita 7000 ilhali faili ameifunga tangu asubuhi na mapema. Hiyo sijaielewa.

UPDATE yagusa safu zote mbili kwa mpigo mmoja. Kesho kabla ya saa nne nitaweka hati ya kunasa innodb_trx na sys.processlist kila sekunde 5, niwaletee hapa.

#40 Bi_Kizingo
Nasa na SHOW GLOBAL STATUS pia: Threads_running (zinazofanya kazi), Threads_connected (zilizounganishwa) na Aborted_clients (zilizokatika bila kufungwa). Aborted_clients ikipanda wakati wa kilele, kuna programu zinazokufa bila kuaga, na hapo itabidi turudi kwa Nahodha.